Nimwite Nani?

Kwa mwaka mzima chati ile ilining'inia sebuleni kwetu, juu kidogo ya meza ya chakula. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu za rangi kwenye karatasi ya manila: majina thelathini ya Mwokozi, kila jina na sura na aya yake. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka tisa, na usharika wetu hapa Tanga ulikuwa umetangaza mashindano ya watoto wa shule ya Jumapili. Kila asubuhi, uji ukiwa unapoa, aliyataja yote bila kugugumia. Mwanakondoo wa Mungu, Nyota ya Asubuhi, Mzabibu wa Kweli, Alfa na Omega. Siku ya mashindano alishika nafasi ya kwanza akapewa Biblia yenye jalada gumu. Nilirudi nyumbani na furaha mbili, ya mzazi na ya mwalimu, kwa maana kazi yangu ni kufundisha shule ya msingi na ninaijua kazi ya mtoto aliyekariri vizuri.

Miezi michache baadaye baba wa watoto wangu alilazwa. Tulimpeleka hospitali usiku, tukarudi bila yeye. Jioni iliyofuata, baada ya chakula ambacho hakuna aliyekimaliza, nilimwomba kifungua mimba atuongoze kwa sala. Akafumba macho, akanyamaza muda mrefu. Kisha akayafumbua akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nimwite nani?"

Nilidhani amesahau. Nikamwonyesha chati ukutani.

"Hayo nayajua," akasema. "Mimi nauliza, kwa ajili ya baba, nimwite nani?"

Sikuwa na jibu. Niliomba mwenyewe kwa maneno niliyoyazoea, tukaenda kulala. Lakini swali lile halikulala. Mtoto wangu alikuwa na majina thelathini mdomoni na hakuwa na hata moja la kushika gizani, na aliyemfundisha hivyo nilikuwa mimi.

Baba yao alikaa wodini wiki tatu, na katika siku hizo za kwenda na kurudi na chupa ya chai nilipata muda mwingi wa kufikiri nikiwa kwenye benchi la kusubiri. Nilimfikiria mama yangu, anayeishi Lushoto. Mama ana majina mengi. Watoto wangu humwita bibi. Wadogo zake humwita dada, watoto wa kaka zake humwita shangazi, majirani humwita kwa jina langu mimi, Mama fulani, ingawa niliondoka kijijini miaka mingi iliyopita. Kwenye kikundi chao cha vikoba ni mweka hazina. Hakuna aliyewahi kukaa chini kuyakariri majina hayo. Kila mmoja analijua lile la kwake, na analijua kwa sababu kuna kitu kati yake na mama. Mtoto wangu akipaza sauti "Bibi!" mlangoni, ndani ya neno hilo kuna mahindi ya kuchoma, kuna kitanda cha kulala watatu, kuna mkono wa kumpapasa kichwani.

Cheo hakiko hivyo. Kwenye sherehe zetu mshereheshaji humtambulisha mgeni rasmi kwa vyeo vyake vyote, Mheshimiwa, Daktari, mwenyekiti wa hiki na mlezi wa kile, watu wanapiga makofi, na bado hakuna anayemjua. Nilitambua kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto majina ya Yesu kama vyeo vya mgeni rasmi. Nilimtambulisha vizuri sana. Sikuwakutanisha naye.

Basi niliikunja chati nikaiweka juu ya kabati, tukaanza upya kwa utaratibu mwingine: jina moja kwa wiki, jioni baada ya chakula, na kila jina lije na mtu aliyelitamka. Nani alimwita hivyo? Alikuwa wapi? Alikuwa anataka nini? Ikiwa hatumpati mtu huyo katika Maandiko, jina linasubiri.

Tulianza na Bartimayo, kwa sababu ndiye niliyemhitaji wiki ile. Kipofu ameketi kando ya barabara pale Yeriko anaomba. Watoto wangu hawakuhitaji maelezo marefu, wamewaona watu wa namna hiyo stendi ya Kange kila tukisafiri. Anasikia kwamba anayepita ni Yesu Mnazareti, na yeye anamwita kwa jina jingine kabisa, Mwana wa Daudi, jina la mrithi wa kiti cha mfalme. Wenye macho waliona mtu wa Nazareti, asiyeona akamwona mfalme. Wanamkaripia anyamaze, naye anazidi kupiga kelele. Mtoto wangu wa kati alilipenda hilo la kupiga kelele. Jioni hiyo kifungua mimba aliomba kwa ajili ya baba yake, akamwita Mwana wa Daudi, mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi kama Bartimayo.

Hapo ilinibidi niwe mwangalifu, na ninawasihi wazazi wenzangu wawe waangalifu pia. Mtoto ni mwepesi kulifanya jina kuwa hirizi. Ukiliita sawasawa, unapona. Baba asipopona, basi hukuliita sawasawa. Ni mzigo mzito mno kumtwisha mtoto. Kwa hiyo wiki iliyofuata niliwapeleka Bethania, kwa Martha, ambaye naye alimwita Bwana, na kaka yake akawa kaburini siku nne. Jina la Ufufuo na Uzima halikutamkwa kwanza na mtu aliyepona. Yesu mwenyewe alijiita hivyo mbele ya dada aliyefiwa, kabla jiwe halijaondolewa. Na baadaye, kabla ya kumwita Lazaro atoke, alilia. Nilitaka watoto walijue hilo nikiwa bado sijui kama baba yao atarudi. Alirudi, ashukuriwe Mungu, amekonda, anatembea kwa kushikilia ukuta. Lakini somo la Bethania tulikuwa tumeshalisoma.

Jina Mwokozi lenyewe lilinishangaza nilipolitafuta kwa njia hii. Sisi tunalitamka kila siku, ila katika Injili zote nne Yesu anaitwa hivyo mara mbili tu. Mara ya kwanza ni malaika anawaambia wachungaji wanaokesha na mifugo kondeni, na anawapa majina matatu kwa pamoja: Mwokozi, Kristo, Bwana. Mara ya pili ni watu wa mji wa Sikari huko Samaria, watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao, waliovutwa na habari za mwanamke aliyekwenda kisimani kuteka maji saa ambayo jua limesimama utosini. Hao ndio waliosema ni Mwokozi wa ulimwengu. Wanafunzi wa Yesu walikuwapo siku hiyo. Walikuwa wametoka mjini kununua chakula.

Kisha tukafika kwenye Kristo, na hapo aliyenifundisha ni kitinda mimba. Alikuwa darasa la awali, ndiyo kwanza ameanza kuandika jina lake na la baba yake kwenye daftari. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo baba yake Yesu aliitwa Kristo?" Kwa hesabu yake alikuwa sawa kabisa. Sisi sote tunaandikwa hivyo kwenye rejista, jina lako likifuatwa na la baba. Nina hakika watu wazima wengi kanisani wanalibeba jina hilo kwa namna hiyo hiyo bila kuuliza.

Nilikwenda jikoni nikaleta chupa ya mafuta ya nazi. Nikawasimulia jinsi Samweli alivyofika Bethlehemu na pembe ya mafuta, akapitishiwa wana saba wa Yese, warefu na wenye sura nzuri, mafuta yasimwagike kwa hata mmoja wao. Wa nane hakuwa ameitwa hata kuja, alikuwa machungani. Kitinda mimba. Huyo ndiye aliyepakwa mafuta mbele ya kaka zake. Wangu alipanua macho, akasogea karibu, nikamwekea tone la mafuta kwenye paji la uso. Kupakwa mafuta ni kuchaguliwa kwa kazi. Wafalme walipakwa, makuhani walipakwa, na taifa zima likabaki linamngoja Mpakwa Mafuta mmoja. Kwa Kiebrania ni Masihi, kwa Kigiriki ni Kristo. Neno ni lile lile.

Siku mbili baadaye akarudi kutoka kwa jirani amechangamka. Jirani yetu ni Mwislamu, watoto wangu humwita shangazi na hula kwake bila kuagana na mimi, na huko alikuwa amesikia akitajwa Masihi Isa bin Mariamu. "Mama, shangazi naye anajua ya mafuta!" Nilimweleza ukweli kadiri ya umri wake: kwamba Kurani nayo inamwita Isa kwa jina hilo la Masihi, kwamba shangazi anamheshimu sana kama nabii, na kwamba sisi tunaamini jambo ambalo yeye haliamini, yaani kwamba Isa huyo ni Mwana wa Mungu. Sikulificha wala sikulipunguza. Mtoto anayekulia Tanga anahitaji kujua tofauti hiyo ilipo, na ajue pia kwamba haimzuii kupeleka sahani ya maandazi kwa shangazi na kurudi nayo ikiwa na tende.

Jina lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni lile fupi tunalolitumia zaidi, Bwana.

Kwa Kiswahili neno hili limechoka. Kuna bwana shamba na bwana afya. Kuna bwana harusi. Kuna bwana wa mtu fulani, yaani mume wake. Vijana wanaanza nalo sentensi na kumaliza nalo. Na chini kabisa, huku pwani, kuna maana ambayo hatupendi kuigusa: bwana na mtumwa wake. Wa kati aliniuliza, kwa dhati kabisa, Bwana Yesu ni bwana wa aina gani kati ya hao. Kwa bwana harusi nilikuwa na jibu la haraka, kwa sababu Yesu alijifananisha naye alipoulizwa kwa nini wanafunzi wake hawafungi. Kwa ile maana ya chini nilimwambia asubiri.

Alisubiri hadi likizo ya Desemba, tulipokwenda kwa ndugu Dar es Salaam na njiani tukalala Bagamoyo. Asubuhi tuliwapeleka watoto kwenye misheni ya zamani ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Sisi ni Walutheri, lakini mahali pale ni pa kila Mkristo wa pwani. Misheni ilianzishwa mwaka 1868, miaka mitano kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873. Mapadre wale walikuwa wakinunua watoto katika soko lile, wakawalea na kuwasomesha, na Bagamoyo kikajengwa kijiji cha waliokombolewa. Kukombolewa halikuwa neno la wimbo. Lilikuwa na bei. Mtoto wa umri wa kitinda mimba wangu alisimamishwa sokoni, mtu akatoa fedha, mtoto akaondoka na aliyelipa.

Watoto wangu neno hilo walikuwa wameshakutana nalo kwa sura nyingine. Mjomba wao ni wakala wa forodha bandarini, na kazi yake kwa lugha ya Tanga ni kugomboa mizigo. Gari limeshuka melini, lina mwenyewe, jina lake limo kwenye hati, ila limefungiwa uani na halitoki mpaka ushuru ulipwe. Gomboa na komboa ni neno moja. Kifungua mimba alilishika mara moja, akasema Mkombozi basi ni kama mjomba. Nikamwambia karibu sawa, ila mjomba analipa kwa fedha ya mwenye gari.

Pale Bagamoyo, chini ya miembe, wa kati akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Waliokombolewa, baada ya hapo bwana wao alikuwa nani?"

Ningeweza kumjibu kirahisi. Nilimwambia kweli. Watoto wale hawakuachiwa waende wanakotaka. Walilelewa kwa ratiba kali ya kazi na sala, walilima mashamba ya misheni, na wengi waliozeshwa pale pale kijijini. Aliyekukomboa anaweza naye kukushika kwa nguvu kuliko inavyofaa. Akanitazama, na niliona kwamba hilo nalo linamhusu Bwana Yesu kwa namna aliyoshindwa kuisema.

Hapo nilimshukuru Martin Luther, na si kwa mazoea ya dhehebu. Mwaka 1528 alizunguka sharika za Saxony akakuta wazazi, na wachungaji wengi pia, hawajui misingi ya imani wanayoikiri. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimu Ndogo, ile ile wanayofundishwa vijana wetu wa Kipaimara hadi leo. Aliiandika kwa ajili ya nyumba: vichwa vyake vinamtaka mkuu wa familia aifundishe nyumba yake kwa njia rahisi. Sehemu zake za mwanzo zilichapwa kama karatasi za kubandika ukutani, hivyo sina ugomvi na chati. Tofauti yake na yangu ni kwamba kila fundisho linafuatwa papo hapo na swali la maana yake. Na katika Katekisimu Kubwa ya mwaka huo huo, alipofika kwenye neno Bwana, Luther alisema kwamba neno hilo dogo maana yake ni Mkombozi tu. Yesu ni Bwana wangu kwa sababu ndiye aliyenitoa kwa wale waliokuwa mabwana zangu, naye alilipa kwa nafsi yake mwenyewe, hakulipa kwa dhahabu wala fedha.

Nilimweleza wa kati hivyo, kwa maneno ya Kiswahili cha nyumbani. Kwamba mtu aliyewahi kuuzwa, akisema Yesu ni Bwana, anasema pia kwamba wale wengine si mabwana zake tena, si yule wa sokoni, wala yeyote atakayetaka kumshika baada ya hapo. Kwamba bwana huyu aliwaosha watu wake miguu usiku ule aliokuwa anajua anakwenda kukamatwa. Alinyamaza njia nzima hadi Bunju. Tangu siku hiyo, akiomba, akifika kwenye neno Bwana anapunguza mwendo. Mimi pia.

Majina mengine yalipita upesi zaidi. Mwana wa Adamu watoto walinieleza wao, kwa kuwa Kiswahili kimeshafanya kazi hiyo: mwana wa Adamu ni mwanadamu. Katika Injili nne limo zaidi ya mara 80, na karibu mara zote ni Yesu anajitaja mwenyewe, ingawa nabii Danieli alikuwa amelivika utukufu wa mawinguni. Jina la kawaida kuliko yote ndilo alilolichagua kujiita. Mlango tulilielewa Handeni, jioni tulipoona mfugaji wa Kimaasai akivuta tawi la miiba kuziba lango la boma. Mzabibu ulitupa shida, Tanga hakuna mizabibu, tukautumia mpasheni wa uani ambao uliwahi kukatwa tawi na tawi likanyauka kabla ya jioni.

Na kuna jina moja nililoliruka. Mwalimu. Niliona halihitaji wiki nzima katika nyumba ambayo mama huitwa hivyo kila siku na watoto mia moja. Jioni moja tu nilisoma nao habari za Maria Magdalena bustanini, alivyomdhania mfufuka kuwa mtunza bustani, hadi alipoitwa kwa jina lake, akageuka, akasema Raboni, yaani Mwalimu wangu. Tukaendelea na jina jingine.

Mwaka huu kifungua mimba ameingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali. Siku ya wazazi nilimkuta amerefuka na sauti imeanza kuvunjika. Tulikaa chini ya mti, akala wali niliombebea, akanieleza habari za mabweni na foleni ya maji. Alisema kule hakuna anayemwita kwa jina lake. Walimu humwita kwa jina la babu, wenzake wamempa jina la utani asilolipenda, na kwenye sare imeandikwa namba.

Sikutaka kumuuliza kama anaomba. Kengele ya kuagana ilipogongwa aliniambia mwenyewe, akiwa anafunga vyombo kwenye kikapu bila kunitazama.

"Mama, siku hizi namwita Raboni."

Nikamuuliza kwa nini hilo, na tulilipita haraka.

"Yule mama alimjua pale alipoitwa jina lake," akasema. Akachukua kikapu, akanisindikiza mpaka getini.